Kalamu ya kampuni au kichupa cha kuchanganywa? Namna ya kupiga hesabu ya sindano za kupunguza uzito Nairobi

Jumamosi moja asubuhi dada yangu mkubwa alinitumia picha mbili kwenye WhatsApp. Ya kwanza ilikuwa kisanduku cha Ozempic, sindano ya kampuni inayokuja tayari katika umbo la kalamu, juu ya kaunta ya kemisti mjini. Ya pili, kichupa kidogo chenye unga mweupe uliokauka chini, kimebandikwa karatasi iliyochapwa "semaglutide 10 mg". Akaandika: "We mdogo wangu mhasibu, niambie ipi rahisi."

Nilimjibu kabla chai haijapoa, na nilikosea. Niligawa bei ya kila kimoja kwa idadi ya miligramu, kichupa kikashinda kwa mbali, nikamwambia achukue kichupa. Bahati yake hakunisikiliza mara moja. Alipoenda kwa daktari, kisha kwa mfamasia, akarudi na maswali ambayo hesabu yangu haikuwa na majibu yake. Ndipo nikafungua daftari la mraba nikaanza upya. Mwongozo huu umetoka kwenye daftari hilo. Mimi ni mtu wa vitabu vya hesabu. Mambo ya tiba niliyoyaandika hapa ni yale ambayo daktari na mfamasia watakuambia wao wenyewe ukiwauliza, na lazima uwaulize.

Kwanza ujue unalinganisha nini na nini

Majina ni mengi, dawa zenyewe ni chache. Semaglutide ya kampuni ya Novo Nordisk ya Denmark inauzwa kwa majina matatu: Ozempic, sindano ya kisukari cha aina ya pili, Wegovy, sindano ya uzito, na Rybelsus, vidonge vya kisukari. Tirzepatide ya Eli Lilly ya Marekani ina majina mawili: Mounjaro na, huko kwao, Zepbound. Ya zamani zaidi ni liraglutide, yaani Victoza na Saxenda, ambayo huchomwa kila siku badala ya kila wiki.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo watu wengi hupotezwa. Nje ya dawa ya kampuni kuna vitu vitatu tofauti, na wauzaji huvichanganya kwa makusudi.

Kuna *jeneriki*: dawa ileile iliyotengenezwa na kiwanda kingine baada ya hataza, yaani haki ya kampuni ya kuitengeneza peke yake, kuisha, ikapimwa na kusajiliwa na mamlaka ya dawa kabla ya kuingia dukani. Hataza ya semaglutide nchini India ilipangiwa kuisha Machi 2026, na Kanada na Brazil mwaka huohuo, wakati Marekani inaendelea hadi mwanzoni mwa miaka ya 2030. Kwa hiyo ukisikia habari za semaglutide ya bei nafuu kutoka India, swali ni moja tu: je, imesajiliwa hapa na Bodi ya Famasia na Sumu, ile tunayoiita PPB? Ikiwa imesajiliwa, iweke kwenye daftari bila woga.

Kuna *dawa ya kuchanganywa*: mfamasia mwenye leseni anamtayarishia mgonjwa mmoja, kwa cheti cha daktari, dawa ambayo haipatikani tayari. Ni kazi halali na ya zamani. Mtoto asiyeweza kumeza kidonge hutayarishiwa maji ya dawa, mtu wa ngozi hutayarishiwa krimu. Lakini chupa yenyewe haijapita kwenye majaribio wala usajili. Dhamana yako yote ni yule mfamasia na chumba anamofanyia kazi.

Halafu kuna *kichupa cha mtandaoni*: unga unaouzwa Instagram na TikTok, unaletewa na mtu wa boda pamoja na maji ya kuchanganyia, bila cheti, bila jina lako. Vingine vimeandikwa pembeni kwa herufi za sisimizi kwamba ni vya utafiti wa maabara, si vya binadamu. Kukiita hiki dawa ya kuchanganywa ni kukipamba. Anayechanganya ni wewe mwenyewe, jikoni kwako, kando ya sufuria ya sukuma.

Picha ya dada ilikuwa ya aina hii ya mwisho. Mimi niliilinganisha na kisanduku cha kampuni kama mtu anayelinganisha unga wa Jogoo na unga wa kupimiwa.

Kwa nini maneno haya yametoka Marekani

Habari nyingi tunazosoma mtandaoni ni za Wamarekani, na bei zao haziingii kwenye daftari la Nairobi. Hata hivyo inasaidia kujua kilichotokea. Wegovy iliidhinishwa kule Juni 2021 na Zepbound Novemba 2023. Bei ya orodha ya Wegovy ilikuwa takriban dola 1,349 kwa mwezi. Kwa kiwango cha shilingi 129 kwa dola hiyo ni kama 174,000. Kuanzia 2022 dawa zikaadimika, na sheria yao inaruhusu famasi kuchanganya nakala za dawa iliyo kwenye orodha ya upungufu. Soko la vichupa likafumuka, wengi wakilipa dola mia mbili na kitu kwa mwezi.

Upungufu wa tirzepatide ulithibitishwa kwisha Desemba 2024, na wa semaglutide Februari 2025. Famasi zikapewa muda wa kuacha, na kwa semaglutide muda huo ulimalizika Aprili na Mei 2025. Kampuni nazo zikashusha bei kwa wanaolipa mfukoni: mwaka 2025 Wegovy ikauzwa moja kwa moja kwa dola 499, baadaye mwaka huohuo ikashuka tena. Kwa hiyo tangazo linalosema "hii ndiyo ile ya kuchanganywa wanayotumia Marekani" linauza habari iliyochacha.

Hatua ya kwanza: jua kama dawa inakufaa kabla ya kuuliza bei

Chukua uzito kwa kilo, ugawe kwa urefu wa mita mara urefu. Dada ana kilo 92 na urefu wa mita 1.62. Mita 1.62 mara 1.62 ni 2.62, 92 kugawanya kwa 2.62 ni 35, namba inayoitwa BMI. Vibali vya dawa hizi kwa uzito huanzia 30, au 27 kama una tatizo jingine linalotokana na uzito, kwa mfano shinikizo la damu. Ukiwa 25 na unatafuta kiuno cha harusi ya Desemba, hesabu yako inaishia hapa.

Zipo hali zinazofunga mlango kabisa au kutaka tahadhari kubwa: saratani ya tezi ya aina ya medulari kwako au katika ukoo, kongosho lililowahi kuvimba, mimba au mpango wa mimba. Semaglutide huachwa angalau miezi miwili kabla ya kutafuta mtoto. Tirzepatide inaweza kupunguza nguvu ya vidonge vya kupanga uzazi, hivyo hushauriwa kutumia kinga nyingine wiki nne baada ya kuanza na kila dozi inapopandishwa. Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari kama glibenclamide, sukari yake inaweza kushuka ghafla. Hakuna muuzaji wa Instagram atakayekuuliza hata moja kati ya haya.

Daktari mtafute mtandaoni kwenye sajili ya KMPDC, baraza linalosajili madaktari Kenya. Ada ya kumwona na vipimo vya kwanza, sukari ya miezi mitatu, figo na mafuta ya damu, iandike kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari. Hiyo ni gharama ya dawa, usiifiche kwenye bajeti ya "mengineyo".

Hatua ya pili: andika miligramu za mwaka mzima

Kosa langu la kwanza lilikuwa kupiga hesabu ya mwezi mmoja. Dozi hupanda. Ukianza na bei ya mwezi wa kwanza unajidanganya.

Semaglutide ya sindano huanza 0.25 mg kwa wiki kwa wiki nne, kisha 0.5, kisha 1. Wegovy huendelea hadi 1.7 na 2.4. Tirzepatide huanza 2.5 na kupanda kwa hatua za 2.5, kila moja angalau wiki nne, mwisho wake 15.

Tuchukue semaglutide inayotulia kwenye 1 mg. Wiki nne za kwanza ni 1 mg jumla. Nne zinazofuata ni 2 mg. Zinabaki wiki 44, kwa hiyo 44 mg. Jumla ya mwaka ni 47 mg. Ukifuata ngazi ya Wegovy hadi juu, wiki 16 za kupanda zinakula 13.8 mg na wiki 36 za 2.4 zinakula 86.4, jumla 100.2. Yaani watu wawili wanaotumia dawa ileile wanaweza kupishana mara mbili na zaidi kwa mwaka. Muulize daktari analenga dozi ipi, na ana mpango gani usipofika huko.

Na mwaka una visanduku 13, si 12. Kisanduku cha dozi nne ni siku 28. Kila anayesema "bei ya mwezi mara kumi na mbili" amesahau kisanduku kimoja. Mimi nafunga vitabu vya watu kila Desemba, na bado nilikisahau.

Hatua ya tatu: kusanya bei kwa swali lilelile

Piga simu kemisti tano au sita: moja ya hospitali kubwa, mbili za mjini, mbili za mtaani kwenu. Bei hutofautiana kuliko unavyodhani, na hubadilika kila mzigo mpya unapoingia. Usiulize "Ozempic ni ngapi?" Uliza hivi:

"Habari ya kazi. Nina cheti cha semaglutide. Kalamu mliyo nayo ina jumla ya miligramu ngapi, ni ya dozi ngapi, inaisha muda lini, na ni shilingi ngapi pamoja na sindano ndogo za kuchomea?"

Visanduku vingine vina sindano ndani, vingine hununuliwa kando. Jumla ya miligramu imeandikwa kwenye kisanduku. Ukiambiwa "ni zile zile tu, dada, njoo uone", shukuru, kata simu, piga ya pili.

Kabla ya kulipa, hakikisha duka lenyewe. Kemisti yenye leseni huonyesha ukutani leseni ya mwaka huu na namba ya usalama ya PPB ambayo mteja anaweza kuihakiki kwa simu. Jina la mfamasia nalo liko kwenye sajili ya bodi. Haichukui dakika mbili, na mfamasia wa kweli hanuni ukiuliza.

Kisanduku cha kampuni nacho kinaweza kuwa cha bandia. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu Ozempic bandia zilizokamatwa Brazil, Uingereza na Marekani. Oktoba 2023 huko Austria watu walilazwa hospitalini sukari ikiwa imeshuka vibaya. Ilishukiwa kwamba ndani ya kalamu zao mlikuwa na insulini. Linganisha namba ya toleo kwenye kisanduku na iliyo kwenye kalamu yenyewe. Angalia muhuri, herufi, na kama karatasi iliyobandikwa kwenye kalamu inachomoka. Kisha dai risiti yenye namba hiyo ya toleo.

Hatua ya nne: gawa kwa miligramu inayoingia mwilini

Bei za hapa chini nimezitunga ziwe rahisi kugawa. Weka za kwako.

Tuseme kalamu ya kuanzia, ya dozi nne za 0.25, ni shilingi 22,000. Ya dozi nne za 0.5 ni 24,000. Ya dozi nne za 1 mg ni 28,000. Utaona bei haipandi sambamba na miligramu. Hata Marekani bei ya orodha ya Wegovy ni moja kwa dozi zote. Maana yake mwezi wa kwanza ndio ghali kuliko yote kwa miligramu: 22,000 kwa 1 mg. Ukifika kwenye kalamu ya 4 mg, unalipa 7,000 kwa 1 mg.

Mwaka mzima: 22,000, jumlisha 24,000, jumlisha kalamu 11 za 28,000 ambazo ni 308,000. Jumla 354,000. Gawa kwa 47 mg: kama 7,530 kwa miligramu. Gawa kwa wiki 52: kama 6,800 kwa wiki.

Sasa kichupa. Tuseme 10 mg ni shilingi 15,000. Muuzaji anakwambia 1,500 kwa miligramu, na mimi nilimwamini. 47 mara 1,500 ni 70,500 kwa mwaka. Nani asiyeruka?

Lakini kichupa kikishatobolewa sindano, kanuni ya kawaida ya vichupa vya dozi nyingi ni kukitupa baada ya siku 28, hata kama kimebaki nusu. Kila sindano inayoingia ni nafasi ya vijidudu. Mwezi wa kwanza dada angetumia 1 mg na kumwaga 9. Kwa hiyo miligramu iliyoingia mwilini ingemgharimu 15,000. Mwezi wa pili, 2 mg zimetumika, 7,500 kila moja. Baadaye 4 mg, 3,750 kila moja. Haishuki hadi 1,500 hata mwezi mmoja.

Mwaka mzima ni vichupa 13, shilingi 195,000. Gawa kwa 47: kama 4,150 kwa miligramu. Karibu mara tatu ya bei ya tangazo.

Bado kichupa ni nafuu, sikatai. Tofauti ni 159,000, si 283,500 kama hesabu yangu ya siku ya kwanza ingeonyesha kwa bei hizi. Na hiyo 159,000 unaiokoa tu ikiwa ndani ya kichupa mna kile kilichoandikwa nje. Anayekwambia kinakaa miezi mitatu kwenye friji ili hesabu ilingane anakuomba ubebe hatari ili bei yake ipendeze.

Kuna ulinganisho usiofaa kabisa kufanywa kwa miligramu. Usilinganishe semaglutide na tirzepatide miligramu kwa miligramu. Ni dawa mbili. Usilinganishe sindano na kidonge. Rybelsus ya 14 mg humezwa kila siku, yaani 98 mg kwa wiki, kwa sababu tumbo hupitisha sehemu ndogo mno, kama asilimia 1. Na ndiyo maana "matone ya semaglutide ya chini ya ulimi" yanayouzwa kwa bei ya soda hayana nafasi kwenye daftari hili. Kidonge cha kampuni kinahitaji kemikali maalumu ya kukivusha tumboni, tumbo liwe tupu, maji kidogo, na nusu saa ya kusubiri. Matone yana nini?

Ukitaka kulinganisha dawa mbili tofauti za kampuni, linganisha kwa kilo. Katika jaribio kubwa la semaglutide 2.4 mg watu walipungua wastani wa asilimia 14.9 kwa wiki 68, wakati waliochomwa maji matupu walipungua 2.4. Tirzepatide ya 15 mg ilifikisha 20.9 kwa wiki 72. Kwa mtu wa kilo 92 hiyo ni kama kilo 14 na kilo 19. Gawa gharama ya kipindi hicho kwa kilo. Ni wastani, si ahadi, lakini angalau una namba ya kugawia. Kwa kichupa namba hiyo haipo. Hakuna aliyekifanyia jaribio.

Hatua ya tano: ukiamua kufikiria ya kuchanganywa, mhoji mfamasia

Huenda daktari ana sababu, kwa mfano mzio wa kitu kilichomo kwenye kalamu. Basi nenda kwa famasi yenye leseni, na cheti mkononi, uulize bila haya:

Dawa ghafi imetoka kiwanda gani, na naweza kuona cheti cha uchambuzi cha toleo hili? Je, ni semaglutide yenyewe au ni chumvi yake, ya sodiamu au ya asetati? Mamlaka ya dawa ya Marekani imeonya kwamba chumvi hizo si kiambato kilekile kilichoidhinishwa. Mmepima kama haina vijidudu? Mmechanganya na kitu kingine, kama vitamini B12, na kwa sababu gani? Nitupe lini? Jina langu litakuwa kwenye lebo?

Akisitasita kwenye swali la kwanza, umeshaokoa pesa.

Swali ambalo nataka tukae nalo zaidi ni la ukali wa dawa: kila mililita moja ina miligramu ngapi? Kalamu ya kampuni unazungusha hadi dozi, basi. Kichupa unavuta kwa bomba la insulini, na bomba hilo halijui miligramu. Lina yuniti. Kwenye bomba la kawaida, yuniti 100 ni mililita 1.

Dozi ya kuanza ni 0.25 mg. Kichupa cha 2.5 mg kwa mililita: unahitaji mililita 0.1, yaani yuniti 10. Kichupa cha 5 mg kwa mililita: mililita 0.05, yuniti 5 tu. Sasa mtu amesoma "0.25", akavuta hadi alama ya 25. Kwenye kichupa cha kwanza amejichoma 0.625 mg, mara mbili na nusu. Kwenye cha pili amejichoma 1.25 mg, mara tano ya dozi. Mamlaka ya Marekani ilitoa tahadhari Julai 2024 kuhusu watu waliojichoma mara 5 hadi 20 ya dozi kwa makosa ya namna hii. Wengine walilazwa kwa kutapika na kuishiwa maji. Dawa hukaa mwilini wiki nzima na zaidi, huwezi kuitapika ikaisha.

Nilimpa dada bomba tupu na kikombe cha maji, nikamwambia avute yuniti 5. Mikono yake inafuma sweta za shule bila kuangalia, lakini mara tatu kati ya tano alivuta 7 au 8. Yuniti tatu za ziada kwenye 5 ni zaidi ya nusu ya dozi. Jaribu mwenyewe kabla hujanunua.

Famasi ikikupa kichupa, idai iandike kwenye lebo dozi yako kwa miligramu, kwa mililita na kwa yuniti, zote tatu.

Hatua ya sita: hesabu baridi

Kalamu ambayo haijafunguliwa hukaa nyuzi 2 hadi 8. Ikishaanza kutumika, Ozempic hustahimili joto la chumba lisilozidi nyuzi 30 kwa wiki sita hadi nane, fuata karatasi iliyo ndani ya kisanduku chako. Ikiganda barafu, hata ikayeyuka vizuri, ni ya kutupa.

Nairobi joto si adui mkubwa sana. Adui ni safari na stima. Kalamu inayoondoka mjini saa saba mchana kwenye sanduku jeusi la boda kwenda Rongai, ikakwama Lang'ata Road, si kalamu ile uliyoilipia. Ifuate mwenyewe asubuhi na kijisanduku cha baridi, na uweke taulo kati ya barafu na dawa. Nyumbani iweke katikati ya friji, si mlangoni na si karibu na sehemu ya kugandisha. Stima ikipotea usiku usifungue mlango wa friji kila saa kuangalia.

Usinunue kalamu tatu kwa sababu umepewa punguzo. Dozi ikibadilika, au kichefuchefu kikikushinda, hakuna kemisti inayorudisha dawa ya friji. Moja kwa wakati, mbili ukiwa umeshatulia kwenye dozi.

Na msigawane kalamu moja ndugu wawili, hata mkibadilisha sindano. Damu inaweza kurudi ndani ya kalamu. Najua nyumba inayofanya hivyo ili "kuokoa".

Hatua ya saba: bima na gharama za pembeni

Piga simu kwa bima yako, kisha utume barua pepe ili jibu liwe la maandishi. Bima nyingi binafsi huweka dawa za uzito kwenye orodha ya wasiyolipia, lakini dawa ileile kwa kisukari cha aina ya pili inaweza kuwa na mlango. Usimwombe daktari aandike ugonjwa usiokuwa nao. Madai ya uongo yakigunduliwa, utapoteza hata bima ya malaria. Kuhusu SHA, bima ya afya ya serikali, uliza kituo chako kabla ya kuweka matumaini kwenye bajeti.

Pembeni andika: kumwona daktari kila miezi mitatu, vipimo, sindano ndogo, chombo cha kutupia sindano, nauli au boda, ada ya M-Pesa. Chakula je? Dada alidhani ataokoa kwenye chakula. Alipunguza chapati, ndiyo, lakini daktari alimtaka ale mayai, samaki na maharagwe zaidi asipoteze misuli, na omena wa Gikomba si bei ya zamani.

Hatua ya nane: hesabu ya kuacha

Mwaka mmoja baada ya kuacha semaglutide na mazoezi yaliyosimamiwa, washiriki wa lile jaribio la asilimia 14.9 walikuwa wamerudisha kama theluthi mbili ya uzito waliopoteza. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2025 unazungumzia tiba ya muda mrefu, pamoja na lishe na mazoezi. Kwa hiyo andika ukurasa wa mwaka wa pili kabla ya kununua kalamu ya kwanza. Kama mfuko wako unaweza miezi minne tu, maoni yangu ni usianze. Pesa hizo zina kazi bora kwa mtaalamu wa lishe, kwenye viatu vya kutembea, au kwa kuuliza daktari kuhusu dawa za zamani zaidi zenye jeneriki zilizosajiliwa.

Ukianza, weka kumbukumbu: tarehe, dozi, namba ya toleo, uzito, ulivyojisikia. Maumivu makali ya tumbo yanayokwenda mgongoni, kutapika kusikokoma, macho kufifia: hospitali siku hiyohiyo, na uende na kalamu au kichupa chako. Madhara na dawa unayoishuku kuwa bandia huripotiwa PPB kupitia mfumo wao wa mtandaoni wa PvERS, hata na mgonjwa mwenyewe.

Dada alichukua kalamu. Aliweka kwanza pesa ya miezi sita kwenye chama, akaanza mwezi wa saba. Amefika 0.5 mg na bado anapungua polepole, na daktari haoni sababu ya kupandisha kwa sasa. Kwa zile bei zetu za mfano, mwaka wake ungekuwa kalamu moja ya 22,000 na 12 za 24,000, yaani 310,000 badala ya 354,000. Alinipigia simu kuniambia nirekebishe daftari. "Na safari hii," akasema, "hesabu visanduku vyote."

Vilikuwa 13. Nilivihesabu kwa kidole.